Terminali Ni ya Bure, Usikubali Kuuziwa

Wasee, leo tuongee kuhusu ile dirisha nyeusi. Ile ambayo kwa filamu jamaa amevaa hudi, anaandika haraka haraka, maandishi ya kijani yanateremka, na dakika mbili baadaye benki nzima imevunjwa. Hiyo dirisha ina jina. Ni programu ya terminali, na ukitaka jina refu, kiigizi cha terminali.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu hayatawafurahisha: hiyo programu ni ya bure, karibu kila laptopu inakuja nayo tayari, na mtu anayekuuzia kwa WhatsApp anakula woga wako.

Kwa nini naileta leo? Kuna grupu moja niko ndani, sitaitaja, ambapo jamaa anauza kitu anaita "pakiti ya mahaka" kwa shilingi 1,500. Unatuma doh, anakutumia linki, unapata faili ya zip. Nilimwomba msee mmoja aliyenunua anionyeshe kilichomo. Ndani kulikuwa na PuTTY, MobaXterm toleo la nyumbani, na PDF ya amri ishirini. Basi. PuTTY ni ya bure tangu ianze. MobaXterm toleo la nyumbani ni ya bure. Hizo amri ishirini ziko kila mahali kwa intaneti.

Na aliyenunua si mjinga. Ni kijana wa mwaka wa kwanza, anataka kujifunza mambo ya seva, na hiyo 1,500 ilikuwa nauli yake ya wiki mbili. Aliambiwa bila hiyo pakiti hawezi kuanza. Hapo ndipo mimi nakasirika.

Kwanza, hii kitu ni nini?

Zamani kompyuta ilikuwa moja, kubwa, imefungiwa chumba chake. Watu hawakuigusa. Waliongea nayo kupitia mashine iliyokaa mezani, na hiyo mashine ndiyo ilikuwa terminali. Teletype Model 33, ya 1963, ilikuwa na kibodi na karatasi: unaandika, kompyuta inajibu, jibu linachapwa. Ndiyo maana mpaka leo Linux ina amri inaitwa `tty`. Ni kifupi cha hilo jina la Teletype.

Mwaka wa 1978 kampuni ya Marekani inayoitwa DEC ikatoa VT100. Hii ilikuwa na kioo badala ya karatasi: herufi 80 kwa mstari, mistari 24. Ilielewa misimbo maalum ya kusogeza kishale, kufuta skrini na kukoza maandishi. Ilipendwa sana mpaka mashine za wengine zikaanza kuiiga.

Kisha watu wakapata kompyuta zao za mezani. Hawakuhitaji tena ile mashine, walihitaji programu ya kujifanya ndiyo ile mashine. Hiyo ndiyo maana ya kuigiza. Xterm ilianza 1984 na bado iko hai. Ukifungua PuTTY leo, au Terminal ya Mac, dirisha inakuja na herufi 80 kwa mistari 24. Bado inajifanya VT100, mashine ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona hata kwa picha.

Kitu kimoja watu huchanganya: dirisha na anayekujibu ndani ya dirisha ni vitu viwili. Anayekujibu anaitwa sheli, na si ile ya petroli. Terminali ni kama simu mkononi mwako. Sheli ni mtu aliyepokea upande wa pili. Unaweza kubadilisha simu na bado ukaongea na mtu yule yule. Sheli zinazojulikana ni bash, zsh na PowerShell. Kwa hivyo mtu akikuuzia "terminali yenye amri nyingi zaidi", anakuuzia simu yenye marafiki wengi ndani. Amri hazikai kwa terminali.

Na kama bado unaogopa kuandika amri, fikiria hii. Shosho akipiga *334# atume pesa, anaona maandishi matupu. Anachagua namba, anabonyeza, anasoma jibu, anaendelea. Hakuna picha, hakuna rangi, na hakuna anayemwita haka. Hiyo USSD si terminali, lakini ile tabia ya kuandika kidogo na kusoma jibu, Wakenya tunayo miaka mingi.

Unayo tayari, angalia tu

Uko na Windows 11? Tafuta neno "Terminal" kwa menyu ya kuanzia. Hiyo ni Windows Terminal. Microsoft waliitangaza Mei 2019, toleo la 1.0 likatoka Mei 2020, na msimbo wake uko wazi pale GitHub, mtu yeyote anausoma. Uko na Windows 10? Iko kwa Microsoft Store, bei ni sufuri. Ina vichupo kama vya brauza, inagawanya dirisha mara mbili au tatu, na inakuwekea PowerShell, Command Prompt na hata Linux ya WSL pamoja. Ukibandika mistari mingi kwa mpigo, inakuuliza kwanza kama uko na uhakika. Shika hiyo, tutairudia.

Kitu wengi hawajui: tangu 2018, Windows 10 inakuja na OpenSSH. Yaani ile kazi ya kuingia kwa seva iliyofanya watu watafute PuTTY, unaifanya kwa kuandika `ssh`, jina lako, alama ya @, na anwani ya seva. Hakuna cha kupakua.

Mac ina Terminal ndani. Ukitaka yenye mambo mengi zaidi, kuna iTerm2, ya bure. Linux usiseme: GNOME Terminal, Konsole, xfce4-terminal, inategemea umeweka Linux gani. Kama mashine yako inapumua kwa shida, xfce4-terminal au xterm zitakutosha vizuri.

PuTTY yenyewe naiheshimu. Iliandikwa na Mwingereza anaitwa Simon Tatham, na imekuwa mikononi mwa watu tangu 1999. Ni ndogo, inahifadhi anwani za seva zako, na inajua kuongea kupitia waya wa serial. Wale mnaosoma mambo ya mitandao mnajua ule waya wa bluu wa konsoli ya Cisco. Unaweka kasi ya 9600, unabonyeza Enter, swichi inaamka na kukujibu. Kwa hiyo kazi PuTTY bado ni chombo safi. Jua tu kunakili kwake ni tofauti: ukichagua maandishi, yamenakiliwa tayari, na kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi ni kubandika.

Kuna hizi za kisasa pia: Alacritty, kitty, WezTerm, na Ghostty iliyotoka Desemba 2024. Zote ni za bure. Hizi hutumia kadi ya grafiki kuchora maandishi, ndiyo maana ni za mbio. Lakini kama laptopu yako ni ya kitambo na kadi yake imechoka, zingine zinaweza kukataa kufunguka. Alacritty haina vichupo, na si kusahau, wenye nayo waliamua hivyo. Ghostty iko kwa Mac na Linux. Msee akikwambia fulani ndiyo "terminali ya mapro", muulize yeye anaitumia kufanya nini. Utashangaa.

Huna laptopu kabisa? Kwa Android kuna Termux. Itoe F-Droid, ndipo wenyewe wanapoelekeza watu. Inakupa bash, Python, git na ssh ndani ya simu. Kioo ni kidogo na vidole vinachoka, sikudanganyi, lakini mtu anaweza kujifunza kwa hiyo akingoja laptopu.

Kwa nini nashikilia hii mambo

Mimi niliacha chuo. Sina cheti cha kukuonyesha, na sisemi uache chako. Nachosema ni kwamba wengi wetu tunanunua mashine ex-UK pale Luthuli Avenue, RAM ni 4 au 8, betri ni ya kuombea. Halafu kwa TikTok unaambiwa bila MacBook mpya huwezi kufanya kazi ya tech. Unakaa chini unangoja pesa ambayo haiji.

Terminali inabadilisha hiyo hesabu. Maandishi ni mepesi. Laptopu yako dhaifu inakuwa dirisha tu, na kazi nzito inafanyika kwa mashine nyingine iliyo mbali na yenye nguvu. Google Cloud Shell, kwa mfano, inakupa terminali ndani ya brauza na nafasi ya GB 5 ya kuweka faili zako, bila malipo. Na kwa sababu kinachosafiri ni herufi, bando haliishi vile lingeisha ukiwa unatazama skrini nzima ya kompyuta nyingine kama video.

Halafu kuna hii stima yetu. Uko katikati ya kazi kwa seva, stima inapotea, ruta inazima, umekatwa. Kuna programu ya bure inaitwa tmux. Unaifungua kule kwa seva, unafanya kazi ndani yake, na ukikatwa kazi inaendelea kule kule. Stima ikirudi unaingia tena, unaandika `tmux attach`, unakuta kila kitu mahali ulikiacha. Kama mtandao wako ni wa hotispoti ya simu unaoruka ruka, kuna Mosh, inayovumilia kukatika na hata kubadilisha mtandao bila kukutoa. Nani anahitaji hivi vitu kuliko sisi?

Na si watu wa seva pekee. Mimi natengeneza kontenti. Nikiwa na klipu arobaini za simu zinazotakiwa kupunguzwa ukubwa, sifungui moja moja. Naandika mstari mmoja wa ffmpeg ndani ya terminali, naenda kupika chai, nikirudi zimeisha. ffmpeg pia ni ya bure. Kuna watu wanalipa kila mwezi kwa apu inayofanya hiyo kazi moja.

Sasa, hatari yenyewe

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu 1,500 kupotea si jambo baya zaidi linaloweza kutokea.

Terminali ndiyo programu unayoiandikia paswadi za seva. Mtu akikupa iliyochezewa, umempa funguo zote za nyumba.

Septemba 2022, kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza mtego uliowekwa na kundi waliloliunganisha na Korea Kaskazini. Mtu anapata ujumbe kuhusu kazi Amazon. Mazungumzo yanahamia WhatsApp. Anatumiwa faili ya "mtihani wa kazi", na ndani yake kuna PuTTY pamoja na anwani ya seva ya kuingia. Hiyo PuTTY ilikuwa imechezewa. Soma tena: nafasi ya kazi, WhatsApp, faili ya mtihani. Niambie ni wangapi kati yetu, tukitafuta kazi miezi minane, tungekataa kuifungua.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2021, kule Uchina watu waliotafuta iTerm2 kwa mtandao waliletewa tangazo la tovuti bandia iliyofanana na ile ya kweli. Walipakua, ikafunguka na kufanya kazi kama kawaida, huku ikiwaibia kwa nyuma. Matokeo ya kwanza ya utafutaji yanaweza kuwa tangazo la mwizi. Na tovuti kuwa na jina la programu haimaanishi ni ya mwenye programu. PuTTY halisi imekaa miaka kwa anwani ndefu ya chiark.greenend.org.uk, sura yake ya kizamani kabisa. Ukiiona unaweza kudhani ndiyo feki. Ndiyo ya kweli.

Halafu hata faili ikiwa safi, ya zamani ni shida. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba PuTTY kuanzia toleo la 0.68 mpaka 0.80 ilikuwa na kasoro: aina moja ya funguo za siri, ECDSA ya P-521, ingeweza kukokotolewa na mtu aliyepata sahihi kama 60 zilizotiwa na ufunguo huo. Ilirekebishwa kwa toleo la 0.81. Sasa, ile PuTTY ndani ya pakiti ya 1,500? Toleo la 0.76. Jamaa anauza kitu cha bure, na pia amekiuza kikiwa kimeoza.

Na kuna huu ujanja mwingine umeenea tangu 2024. Unafungua tovuti, inakwambia uthibitishe wewe si roboti: bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ile tovuti imeshaweka amri kwa kumbukumbu ya kunakili, na wewe mwenyewe unaipeleka ndani ya kompyuta yako. Hakuna tovuti ya maana itakayokuomba ubandike kitu kwa terminali ili kujua wewe ni binadamu. Ndiyo maana nilisema ushike lile onyo la Windows Terminal. Ikikuuliza kama uko na uhakika, soma ulichobandika kabla ya kukubali. Kama huelewi mstari, usiubandike. Haijalishi umeupata kwa YouTube, kwa AI au kwa rafiki.

Unaona vile woga unafanya kazi? Mtu anayeogopa dirisha nyeusi hufanya vile ameambiwa bila kusoma. Muuzaji wa pakiti na mwizi wa paswadi wote wanamtafuta huyo mtu.

"Lakini..."

Najua komenti zinazokuja, kwa hivyo tumalizane nazo hapa.

"Si kuna terminali za kulipia na kampuni kubwa zinanunua?" Ziko. SecureCRT ni ya kulipia, na mhandisi mwenye mamia ya ruta za kusimamia ana sababu ya kuinunua. MobaXterm ina toleo la kulipia pia, kwa sababu la nyumbani linakuwekea mpaka wa anwani 12 za kuhifadhi. Kampuni ikilipia, poa. Wewe unayeanza na seva moja, hizo 12 utazijaza lini?

"AI itaandika amri, kwa nini nijifunze?" Itaandika, na mimi huiomba pia. Lakini nani atajua kama amri iliyoandikwa inafuta folda moja au inafuta kila kitu? Kwa terminali hakuna kapu la taka. Ukitumia `rm`, imeenda. AI haitakulipia faili zako.

"Si kila mtu anahitaji terminali." Ukweli kabisa. Kama kazi yako ni kuchora nembo, kaa na programu yako ya kuchora, hakuna aliye bora kuliko mwingine. Ila usiache kuigusa kwa sababu mtu alikuambia ni ya watu fulani. Amua baada ya kujaribu.

Fanya hivi leo

Fungua terminali uliyo nayo. Andika `whoami` ubonyeze Enter. Itakwambia jina lako kwa hiyo mashine. Andika `cd` na jina la folda, ingia ndani. Andika `ls` kama ni Mac, Linux au PowerShell, au `dir` kama ni Command Prompt, uone faili zako. Hujavunja kitu. Ukihitaji kunakili, kwa terminali nyingi za Linux ni Ctrl, Shift na C, kwa sababu Ctrl na C peke yake inasimamisha programu. Hiyo nayo ni nzuri kuijua: kitu kikikwama, Ctrl na C.

Ukitaka kupakua nyingine, toa kwa Microsoft Store, kwa hifadhi ya Linux yako, au kwa tovuti ya aliyeitengeneza. Usitoe kwa zip ya grupu. Usifungue ya "mtihani wa kazi". Na ukiwa admin wa grupu ambapo mtu anauza vitu vya bure kwa watoto wa mwaka wa kwanza, mtoe leo, si kesho.

Tuma hii kwa yule rafiki anayesema hawezi kuanza kwa sababu laptopu yake ni ya zamani. Na kwa komenti niambie: uko na mashine gani, na terminali gani imo ndani? Ukikwama popote uliza hapo chini. Nikijua nitakujibu, na hakuna kulipa.